Ziara katika Kinamasi cha Mto Mara

Katika sura iliyopita tulijifunza kwamba maji yanayotiririka hubeba udongo. Je, udongo huo huishia wapi? Katika sura hii tutaufuata mto mmoja kwa miguu na kwa baiskeli ili tupate jibu.

Mto Mara huanzia katika milima ya Mau, nchini Kenya. Urefu wake ni kilometa 400 hivi. Hupita katika mbuga za Masai Mara na Serengeti, ambamo makundi makubwa ya nyumbu huuvuka kila mwaka. Ukitoka mbugani huelekea magharibi, Wilaya ya Tarime ikiwa kaskazini na Wilaya ya Serengeti kusini. Baada ya kuacha vilima, mto huingia katika nchi tambarare. Hapo kingo zake hupotea, na maji hutawanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Masurura. Kinamasi hicho huendelea mpaka karibu na Ghuba ya Mara katika Ziwa Viktoria, kikipita pia katika wilaya za Rorya na Butiama.

Nchi ya namna hii, ambayo hufunikwa na maji daima au kwa majira, huitwa ardhi oevu. Mtu apitaye kwa haraka huona nyasi, matope na mbu tu, akadhani kwamba ardhi hiyo haina kazi. Ziara yetu itatuonyesha kama mtu huyo ana haki ya kusema hivyo.

Maandalizi

Majira mazuri ya ziara hii ni kati ya Julai na Septemba, kabla ya mvua za vuli. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hunata katika magurudumu, na baiskeli haiendi. Wakati wa kiangazi udongo huohuo hukauka na kupasuka nyufa. Chukueni chupa tatu zinazopenya mwanga, zenye vifuniko, kamba ndefu, saa yenye mshale wa sekunde, rula na daftari.

Kwa nini tusiende kwa gari? Nchi tambarare huyadanganya macho. Mteremko mdogo hauonekani, lakini mwendesha baiskeli huujua kwa miguu yake. Akitoka vilimani, baiskeli hujiendea yenyewe. Akifika bondeni, hulazimika kukanyaga pedali bila kupumzika. Maji nayo hayana pedali. Mteremko ukiisha, mwendo wake hupungua.

Angalieni sana hatari. Mto na kinamasi vina mamba na viboko. Msiingie majini, wala msisimame kati ya kiboko na maji. Konokono wa maji yaliyotulia huweza kueneza kichocho. Nendeni pamoja na mwalimu na mwenyeji, na kila mfikapo kijijini amkieni wazee na kuomba ruhusa.

Kituo cha kwanza: darajani

Barabara itokayo Tarime kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, huuvuka mto Mara kwa daraja. Simameni mahali pa usalama. Fungeni chupa ya kwanza kwa kamba, ishusheni majini na kuipandisha. Iandikeni A. Mtaona kwamba maji yana rangi ya udongo.

Sasa pimeni mwendo wa maji. Chagueni ukingoni alama mbili zilizoachana meta 10. Mwenyeji atupe jani kavu mtoni, nanyi mhesabu sekunde. Tuseme jani limetumia sekunde 20. Mwendo wa maji ni meta 10 kugawanya kwa sekunde 20, yaani meta 0.5 kwa sekunde.

Kituo cha pili: ukingo wa kinamasi

Fuateni njia za ng'ombe kuelekea magharibi. Mahali ambapo njia inalainika, acheni baiskeli na kwenda kwa miguu. Kwanza mtaona majani ya malisho, kisha matete, na mwisho ukuta wa mafunjo yanayomzidi mtu kimo. Mimea hubadilika kwa kadiri maji yanavyozidi.

Mwombeni mvuvi awachotee chupa ya pili, B, na atupe jani jingine majini. Likitumia sekunde 100 kupita meta 10, mwendo ni meta 0.1 kwa sekunde tu. Maji yaendayo kasi huweza kubeba mchanga na udongo. Yakipunguza mwendo, chembe nzito hutua kwanza na chembe nyepesi baadaye.

Kateni bua moja la funjo. Bua lina pembe tatu na halina vifundo. Libonyezeni: ni laini, kwa sababu ndani yake mna nafasi nyingi za hewa. Nafasi hizo huusaidia mmea kuelea na kupeleka hewa katika mizizi iliyo matopeni. Wamisri wa kale walitengeneza karatasi kwa mabua kama haya. Wenyeji wa hapa huyatumia kwa kusuka mikeka na kuezeka nyumba. Lakini kazi kubwa ya mafunjo hufanyika chini ya maji. Mizizi yake iliyosukana huyapunguza maji mwendo, huushika udongo, na hufyonza virutubisho vilivyotoka mashambani na katika samadi.

Kituo cha tatu: Kirumi

Siku ya pili fuateni barabara kuu ya Musoma na Sirari mpaka daraja la Kirumi. Hapa mto hutoka katika kinamasi na kuingia katika Ghuba ya Mara. Chukueni chupa ya tatu, C, kama mlivyofanya katika daraja la kwanza.

Wekeni chupa zote mahali palipotulia kwa saa 24. Pimeni kwa rula kina cha udongo uliotua chini ya kila chupa. Kwa kawaida chupa A huwa na udongo mwingi kuliko chupa C. Udongo unaokosekana katika C umebaki kinamasini. Basi kinamasi ni chujio la ziwa. Tena ni kama sifongo: hupokea maji mengi wakati wa mafuriko na kuyaachia polepole.

Lakini kumbukeni kwamba maji yanayoonekana maangavu si lazima yawe salama. Vijidudu vya magonjwa havionekani kwa macho. Yachemsheni kabla ya kunywa.

Viumbe vya kinamasi

Chini ya mafunjo, mimea iliyooza hutumia oksijeni iliyomo majini. Kwa hiyo si kila samaki anaweza kuishi hapo. Kamongo anaweza, kwa kuwa ana mapafu. Huja juu na kuvuta hewa. Kambare naye ana kiungo cha pekee cha kuvutia hewa. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, huhitaji oksijeni nyingi, na hawezi kuingia mbali katika kinamasi. Kwa sababu hiyo samaki wadogo kama furu hupata humo maficho. Wako pia ndege wanaotegemea mafunjo kabisa. Mmoja wao ana utosi wa manjano, mgongo mweusi na kifua chekundu. Mafunjo yakifyekwa yote, ndege huyo hana mahali pengine pa kuhamia.

Chujio linapozidiwa

Kila mtu aliyepata kuchuja tui anajua kwamba chujio likijaa machicha, kazi hukwama. Tangu miaka ya 1970 kinamasi cha mto Mara kimepanuka sana. Sababu moja ni udongo mwingi unaoletwa na mto baada ya misitu ya Mau na miteremko mingine kufyekwa na kulimwa. Udongo hujaza njia ya mto, maji hutawanyika, na mafunjo hufuata maji. Sababu nyingine ni kupanda kwa maji ya ziwa, kama yalivyopanda kwa zaidi ya meta 2 kati ya 1961 na 1964. Mkulima wa bondeni hupoteza shamba kwa udongo uliotoka katika shamba la mtu asiyemjua, aliye mbali juu ya mto.

Mwezi wa Machi 2022 maji ya sehemu ya chini ya mto yaligeuka meusi, yakatoa harufu mbaya, na samaki wengi wakafa. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi. Taarifa ya kamati ilisema kwamba oksijeni majini ilikuwa imepungua mno, ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Maelezo hayo yalijadiliwa sana nchini. Kwa mwanafunzi wa sayansi lipo fundisho la wazi: vitu vinavyooza vikizidi majini, hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Basi kukilinda kinamasi hakuanzii kinamasini. Huanzia kwa anayelima kwa makinga maji, anayepanda miti ukingoni, na anayenyweshea mifugo yake mahali pamoja palipotengwa. Tangu mwaka 2012, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara tarehe 15 Septemba, kwa kuwa mto ni mmoja ingawa nchi ni mbili.

Muhtasari

Mahali pa tambarare maji hupunguza mwendo na kuacha udongo. Mimea ya kinamasi huyachuja maji na kuyahifadhi. Kinamasi hutunza samaki na ndege, lakini huweza kuzidiwa na udongo na uchafu.

Maswali na kazi za kufanya

1. Jani limetumia sekunde 40 kupita meta 10. Mwendo wa maji ni kiasi gani?
2. Kwa nini kamongo huweza kuishi mahali ambapo sangara hawezi?
3. Mwagieni maji ndoo moja juu ya mteremko mtupu, na ndoo nyingine juu ya mteremko wenye nyasi. Linganisheni maji yanayofika chini. Andikeni mlichokiona.
4. Waulizeni wazee wa kijijini kwenu: zamani mto au bwawa lenu lilifika wapi? Choreni ramani mbili, ya zamani na ya sasa.
5. Mtu mmoja asema, "Kinamasi ni ardhi isiyo na kazi." Mjibuni kwa kutumia chupa A na C.