Kitanda cha Dubai: Soma Hapa Kabla Hujatuma Dipoziti

Tiketi iko, viza ya matembezi imetoka, sanduku limefungwa. Swali linalobaki ni moja: ukishuka Dubai usiku huo, utalala wapi? Hapo ndipo wengi hupoteza pesa hata kabla ya kupanda ndege. Ujumbe huja hivi: "Niaje kaka, kitanda kimebaki kimoja tu Deira, karibu na metro. Tuma dipoziti leo jioni nikuwekee, kuna mwingine anakitaka." Unatuma kwa nambari ya Kenya, unapata shukrani, kisha simu inazimwa.

Leo tunakuonyesha jinsi soko la vitanda vya Dubai linavyofanya kazi, ili ujue pesa yako inaenda wapi na wakati gani wa kuitoa.

Kule unakodi kitanda

Mwenye nyumba wa kawaida Dubai hutaka mkataba wa mwaka mzima, hundi za kodi zilizoandikwa mapema, na kitambulisho cha mkaazi kinachoitwa Emirates ID. Mtu wa viza ya matembezi hana hivyo vyote. Kwa hivyo anakodi kitanda ndani ya chumba cha wengine, kwa mwezi au hata kwa wiki. Ukitafuta kwenye matangazo, neno lake ni "bedspace".

Chumba kimoja kinaweza kuwa na watu wanne, sita au zaidi, kwenye vitanda vya dabo-deka. Jikoni na bafu ni za wote. Mitaa ambayo utasikia ikitajwa sana ni Deira, Bur Dubai, Satwa, Al Quoz na International City. Deira hupendwa kwa sababu iko karibu na stesheni ya Union, ambapo laini nyekundu na laini ya kijani za metro hukutana. Ukitafuta kazi, hiyo ni nauli umeokoa.

Sharjah, emirati ya jirani, ni nafuu zaidi. Lakini metro haifiki huko, na msongamano wa asubuhi kuingia Dubai ni kama Thika Road siku ya mvua. Piga hesabu ya nauli na muda kabla hujafurahia bei.

Piga hesabu kwa dirham

Kitanda cha kawaida mitaa hiyo mara nyingi huwa kati ya dirham 600 na 1,000 kwa mwezi. Tuseme umepata cha 700. Dirham moja ikiwa takriban shilingi 35, hiyo ni shilingi 24,500. Miezi miwili ni 49,000. Ukiongeza dipoziti ya dirham 200, ambayo ni shilingi 7,000, unafika 56,000 kabla hujanunua chakula wala kadi ya Nol ya kupandia metro.

Jambo moja la kukumbuka: tangu 1997 dirham imefungwa kwa dola, dola moja kwa dirham 3.67 hivi. Maana yake, shilingi yetu ikishuka dhidi ya dola, kitanda chako kinapanda bei hata kama mwenye chumba hajaongeza kitu. Weka bajeti yako kwa dirham, na uache nafasi kidogo.

Uliza pia kama kodi inajumuisha umeme, maji, intaneti na AC. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, kwa hivyo chumba chenye AC mbovu hakilaliki.

Ejari, na kwa nini ikuhusu

Mikataba ya kodi Dubai husajiliwa kwenye mfumo wa serikali uitwao Ejari. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya "kodi yangu", na lina undugu na neno letu "ujira". Tangu 2022, mwenye mkataba pia anatakiwa kusajili wale wote anaoishi nao.

Huyo anayekukodishia kitanda mara nyingi si mwenye nyumba. Ni mpangaji kama wewe, anayegawa chumba ili apunguze mzigo wa kodi. Wengine hugawa vyumba kwa mbao na kuviuza vipande vipande, kinyume cha sheria. Juni 2025 Manispaa ya Dubai ilifanya msako wa vyumba kama hivyo kwenye mitaa kama Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Barsha, Al Satwa na Al Raffa. Msako ukifika kwenye jengo lako, utajikuta nje na sanduku lako, na dipoziti yako imebaki kwa mtu ambaye hashiki simu.

Kwa hivyo uliza mapema: Ejari iko kwa jina la nani? Jina langu litasajiliwa? Chumba kimegawanywa kwa mbao? Mtu mkweli hakasiriki kwa maswali haya.

Jinsi ya kumtambua tapeli

Tapeli wa kitanda ana haraka. Daima kuna "mwingine anakitaka". Bei yake iko chini sana ya soko, picha zake ni za hoteli, na anataka pesa kwa nambari ya mtu binafsi iliyosajiliwa Kenya, mara nyingi kwa jina lisilo lake. Ukiuliza, ni "ya cousin yangu".

Kuna kipimo kingine. Simu za WhatsApp, za sauti na za video, zimefungwa Falme za Kiarabu, ingawa meseji na video zilizorekodiwa hupita. Kwa hivyo mtu akikupigia video ya WhatsApp kwa urahisi huku akidai yuko Deira, jiulize yuko wapi hasa. Mwombe arekodi video ya chumba, aanzie mlango wa jengo, aonyeshe jina la jengo na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo.

Lipa ukishaona

Njia salama ni hii. Lipia hosteli ya bei nafuu kwa siku tatu za kwanza, ukipata yenye ruhusa ya kufuta bila malipo ni vizuri zaidi. Pia itakusaidia maafisa wa uwanja wa ndege wakikuuliza unafikia wapi. Kisha tembelea vitanda vitatu au vinne kwa miguu yako. Inua godoro uangalie kunguni. Washa AC. Fungua bomba. Ongea na wanaoishi hapo wakati mwenye chumba hayupo.

Ukiridhika, lipa mwezi mmoja tu, na udai risiti yenye jina, tarehe, kiasi, na masharti ya kurudishiwa dipoziti. Usiache pasipoti yako kama rehani. Mpe kopi.

Kama ni lazima utume pesa ukiwa Kenya, mtumie mtu unayemjua, aliye huko, aende aone chumba na alipe kwa mkono wake. Kabla hujakamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Lisipolingana na la mtu uliyekusudia, simama hapo hapo.

Kama pesa imeshaenda

Dakika za kwanza ndizo za maana. Omba pesa irudishwe na upigie huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu tapeli akishaitoa kwa wakala, kuipata tena ni kibarua. Usifute meseji ya malipo wala mazungumzo yenu. Ripoti kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB. Kama umeshafika Dubai, polisi hupatikana kwa 901 kwa mambo yasiyo ya dharura na 999 kwa dharura, na Kenya ina ubalozi mdogo mjini humo.

Una ndugu au rafiki anayejiandaa kusafiri? Mtumie makala haya leo, kabla hajatuma dipoziti.