Giaboksi Hainunuliwi Kabla ya Kuijua Difu

Barabara itokayo Uyole hupita Tukuyu, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka hadi tambarare ya Kyela na mpaka wa Kasumulu, karibu na Ziwa Nyasa ambalo uso wake uko chini ya mita 500. Kila gari litokalo Kyela na mpunga au kakao hulazimika kupanda tofauti hiyo yote, na kila gari lirudilo na saruji au bati hulazimika kuishuka. Masika yakiingia, mito ya Mbaka, Kiwira na Lufilyo hufurika, na njia za vijijini hugeuka tope. Katika nchi ya namna hiyo, uhusiano wa giaboksi na difu si mambo ya fundi peke yake. Unamgusa mkulima na abiria, na unaigusa ofisi ya Serikali inayotunza gari la umma.

Utaratibu wa watu wengi giaboksi inapokufa unajulikana. Mwenye gari humtumia fedha ndugu yake aliyeko Mbeya au Dar es Salaam, naye huenda kwa wauza spea zilizokwisha kutumika. Huulizwa swali moja tu: ni ya gari gani? Jina likitajwa, bei hupatanwa, mzigo hufungwa na kupakiwa kwenye basi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao hununua vivyo hivyo, maana magari yao na ya Kyela aghalabu yametoka Japani. Jina la gari, hata hivyo, halitoshi.

Yafaa ieleweke kwanza difu ni nini. Gari likikata kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani. Lau yote mawili yangefungwa katika chuma kimoja, moja lingeburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, ndiye aliyelitafutia gari la mvuke dawa ya tatizo hilo katika miaka ya 1820. Difu hufanya pia kazi ya pili, nayo ndiyo inayosahauliwa: hupunguza mizunguko inayotoka kwenye giaboksi na kuizidisha nguvu. Kipimo cha kupunguza huko hupatikana kwa kugawa idadi ya meno ya krauni kwa idadi ya meno ya pinioni. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 hutoa 4.1.

Sasa tuchukue Noah, gari lisilo geni mikoani. Noah ya zamani, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, ina injini chini ya viti vya mbele, na propela hupeleka nguvu kwenye difu iliyoko nyuma. Noah iliyofuata, tangu mwishoni mwa 2001, huvutwa na magurudumu ya mbele, na difu yake imo ndani ya ganda la giaboksi. Mwenye gari la pili anaponunua giaboksi amenunua na difu, apende asipende. Tena zipo zinazovuta kwa magurudumu yote manne, na giaboksi ya hizo ina kiungo cha ziada cha kupelekea nguvu nyuma. Jina moja, na vyuma visivyoingiliana! Probox nayo ina injini ya 1,300 na ya 1,500. Haifai kudhani kwamba giaboksi zake zina kipimo kimoja kwa sababu tu maganda yanafanana.

Lakini hasara kubwa zaidi hutokana na vyuma vinavyoingiliana bila kulingana. Land Rover za zamani za Series zilikuwa na difu za 4.7, mbele na nyuma. Range Rover ilikuja na 3.54, na difu hiyo huingia katika ekseli ya Series bila ugomvi. Fundi akiiweka nyuma peke yake, gari litatembea vizuri siku za kiangazi. Siku ya matope, dereva anapounga magurudumu ya mbele, ya mbele huzunguka polepole kuliko ya nyuma na kuwa breki, na kilicho dhaifu huvunjika. Akiziweka 3.54 mbele na nyuma, magurudumu hayatagombana, ila nguvu ya kuvuta hupungua kwa takriban robo. Katika mteremko wa Tukuyu injini nayo haitalizuia gari kama ilivyokuwa ikilizuia, na mzigo wote huegemea breki. Hapo ndipo roho za watu zinapowekwa rehani.

Kuitambua difu si kazi ngumu. Toyota huweka kibati katika chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, na mstari wenye herufi A/TM hutaja ekseli na giaboksi. Alama ya ekseli huficha ukubwa wa krauni, kipimo na aina ya difu. Fundi aisome kwa kitabu cha mtengenezaji, asiikisie. Visiwani, ambako chumvi ya bahari hula bati, kibati kinakiliwe mapema kabla hakijafutika.

Kibati kisiposomeka, na difu ikiwa nyuma, gari lizuiwe kwa kabari, magurudumu ya nyuma yainuliwe na kuegemezwa juu ya stendi imara, si jeki peke yake, na gia iwekwe huru. Zungusha gurudumu moja: la pili likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida; likifuata upande uleule, ni ya kujibana au imefungwa. Ile ya kujibana ikilika sana huweza kujifanya ya kawaida, kwa hiyo jaribio hili lisiaminiwe peke yake. Katika difu ya kawaida, shika gurudumu moja lisiende, lizungushe jingine mara mbili kamili, na uhesabu mizunguko ya propela. Minne na ushei ni 4.1, mitatu na nusu ni 3.54.

Neno kwa maofisa wetu. Hati ya ununuzi inayosema "giaboksi moja ya Land Cruiser" haijasema kitu. Land Cruiser za kazi zipo za 4.1 na za 4.3, zipo zenye loki ya difu na zisizo nayo, na gari la wagonjwa halipaswi kulala gereji mwezi mzima kwa sababu karani aliona uvivu wa kunakili kibati. Mkaguzi wa mali ya umma ana haki ya kuuliza namba hizo. Na muuzaji ajuaye kwamba chuma hakilingani akanyamaza amedhulumu. Hilo tulifundishwa chuoni tungali watoto, kabla hatujaliona gari lenyewe.

Giaboksi ya zamani nayo isiuzwe kama chuma chakavu siku ileile. Iwekwe chini kando ya mpya, meno ya shafti yahesabiwe, matundu ya bolti yalinganishwe, na namba zilizochongwa kwenye maganda zisomwe kwa sauti, kabla muuzaji hajalipwa salio lake.