Mrabaha Unakoma Lini?

Wanaojadiliana leseni ya hataza hubishania asilimia mpaka usiku, wakasahau kuandika malipo hayo ni ya nini hasa na yatakoma lini. Ugomvi huja baadaye, na hapo mahakama husoma kilichoandikwa, si kilichokuwa moyoni.

Stephen Kimble alipata hataza ya Marekani, aliyoiomba mwaka 1990, kwa kichezeo cha kuvaa mkononi kinachorusha uzi wa povu, ili mtoto ajione Spider-Man. Aliishtaki kampuni ya Marvel mwaka 1997, na baadaye wakapatana: Marvel ichukue hataza hiyo kwa takriban dola 500,000, pamoja na mrabaha wa asilimia 3 ya mauzo. Tarehe ya mwisho hawakuiweka. Hataza iliisha 2010, na Marvel ikaegemea hukumu ya mwaka 1964, Brulotte dhidi ya Thys, inayosema kwamba mrabaha kwa matumizi ya uvumbuzi baada ya hataza kuisha haudaiki. Muda ukishapita, uvumbuzi ni wa umma, na mkataba wa watu wawili hauwezi kuurudisha kifungoni. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliishikilia kanuni hiyo kwa kura sita dhidi ya tatu, na Kimble akakosa.

Kwa maoni yangu kanuni hii ni kali kupita kiasi. Mzalishaji mwenye mtaji mdogo angeweza kunufaika kwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Hata hivyo, katika hukumu hiyo ya 2015 Jaji Elena Kagan alionyesha njia za kupitia. Mkataba unaobeba hataza na siri ya biashara, kwa mfano, unaweza kutoza asilimia 5 hataza ikiwa hai, kisha asilimia 4 kwa siri peke yake. Ukitoza asilimia ileile mwanzo hadi mwisho bila kutenganisha, unampa mlipaji hoja kwamba bado anatozwa kwa hataza iliyokufa.

Ujuzi wa siri hauna muda wa kisheria kama hataza, kwa hiyo hapo maneno ya mkataba ndiyo yanayotawala. Mwaka 1881 Jordan Lambert, aliyepewa na Dk. Lawrence fomula ya dawa iitwayo Listerine, aliahidi kumlipa yeye na warithi wake kwa kila grosi itakayouzwa. Baadaye fomula ilivuja ikajulikana na kila mtu. Warithi wa biashara walipoomba waache kulipa, mahakama ya New York ilikataa mwaka 1959: mkataba haukusema malipo yatakoma siri ikifichuka. Kufikia hapo zilikuwa zimelipwa zaidi ya dola milioni 22.

Mfano ninaoupenda ni wa Jane Aronson na kishikio chake cha funguo. Mwaka 1956, ombi lake la hataza likiwa bado halijaamuliwa, alikubaliana na Quick Point: asilimia 5, lakini hataza isipotolewa ndani ya miaka mitano, asilimia 2.5 kwa muda wote watakaouza. Hataza haikutolewa. Washindani waliiga bure huku Quick Point ikiendelea kulipa, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikasema mkataba unabana. Pande zote mbili zililiona jambo hilo mapema na kila hali ikapewa bei yake.

Ulaya upepo unavuma kwingine. Mwaka 2016, katika shauri la Genentech, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema sheria ya ushindani haizuii mrabaha hata kama hataza imebatilishwa, ilimradi mpewa leseni alikuwa huru kusitisha mkataba. Kwa hiyo kifungu cha sheria itakayotumika, ambacho wengi hukiruka, kinaweza kubadilisha jibu lote.

Kampuni ya Dar es Salaam au Nairobi inayoletewa mkataba kutoka nje na imtake mwanasheria aandike mambo manne kabla ya saini: malipo ya hataza, malipo ya ujuzi, tarehe ya kila moja kukoma, na kitakachotokea siri ikivuja au hataza ikibatilishwa.