Bomba la Moshi katika Eropleni za Kujiundia Nyumbani

Leo nataka kuwaelezeni habari za kitu ambacho watu wengi hukidharau, nacho ni bomba la kutolea moshi katika mtambo wa eropleni. Mafundi wa motokaa huliita ekzosi. Wala sitasema habari za eropleni kubwa za abiria, bali za zile ndogo ambazo mtu huziunda mwenyewe nyumbani kwake, kisha akazitia mtambo uliotolewa katika motokaa.

Huenda mtu akauliza, Je, jambo hili lawezekana? Lawezekana, wala si jambo jipya. Katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, huko Marekani, alikuwako fundi mmoja jina lake Bernard Pietenpol. Mwaka 1929 alirusha eropleni ya mbao na nguo aliyoiunda mwenyewe, ikiendeshwa na mtambo wa motokaa ya Ford Model A. Michoro yake ilipigwa chapa mwaka 1932, na watu wengi wakaifuata. Hata leo eropleni za namna ile zingali zikiruka. Baadaye wengine walitumia mitambo ya Volkswagen, ya Subaru na ya Mazda. Sababu yake ni nyepesi: mtambo wa motokaa una bei ndogo kuliko ule uliotengenezwa kwa ajili ya eropleni, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi.

Lakini kazi ya motokaa si kazi ya eropleni. Motokaa ikienda katika njia tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Dereva hukanyaga sana penye kilima, kisha hulegeza. Eropleni hupanda kwa nguvu zote, halafu husafiri muda wa saa nzima au zaidi kwa kadiri ya robo tatu ya nguvu zake. Kwa hiyo moto utokao silindani ni mkali, tena haupumziki. Moshi huo huweza kufika digrii 700 au 800 za sentigredi, na katika mitambo ya Mazda ya namna ya kuzunguka, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, huzidi hapo. Kila mhunzi ajua kwamba chuma kikishika joto la namna hiyo huwa chekundu, na chuma chekundu ni laini.

Zaidi ya hayo, fundi hulibadili bomba lenyewe. Katika motokaa, moshi hutoka kwanza katika chuma kizito cha kusubu, kisha hupita katika bomba refu lililoning'inizwa kwa mipira chini ya gari, ambapo upepo hulipoza. Katika eropleni, uzito ni adui. Basi fundi hukitupa kile chuma kizito, akatia mabomba membamba ya chuma cha pua, akayakunja yapate kuenea ndani ya kifuniko cha mtambo. Hivyo kitu kilichoongezewa kazi ndicho kilichopunguzwa unene. Bomba hili lina maadui watatu.

Adui wa kwanza ni kutanuka. Chuma kikipata moto hurefuka. Bomba la futi 3 la chuma kisichoshika kutu, likipata joto la digrii 600 zaidi ya lile lililokuwa nalo, hurefuka zaidi ya theluthi ya inchi. Mafundi waliojenga reli za zamani walilijua jambo hili, ndiyo sababu waliacha nafasi ndogo kati ya chuma na chuma. Bomba likifungwa kwa nguvu huku na huku halina pa kwenda. Hupinda likipata moto, na hunyoka likipoa. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mara nyingi, utaona mwisho wake. Kwa hiyo fundi mwenye akili huunga mabomba kwa kuliingiza moja ndani ya jingine bila kulikaza, lipate kuteleza. Au hutia kiungo cha duara, mfano wa mfupa wa bega katika tundu lake, kishikwe kwa springi.

Adui wa pili ni mtetemo. Mtambo wa silinda 4 ukizunguka mara 2,400 kwa dakika hutoa mapigo ya moshi 4,800 kwa dakika, yaani 288,000 kwa saa moja. Tena mtambo huo umekaa juu ya mipira, hutikisika peke yake, na mwili wa eropleni hutikisika kwa namna nyingine. Basi bomba lote na lishikwe na mtambo peke yake. Fundi akifunga kichwa cha bomba katika mtambo na mkia wake katika mwili wa eropleni, amekuwa kama mtu aliyetia mguu mmoja daumwani na mwingine gatini. Hali kadhalika sailensa nzito iliyotiwa mwisho wa bomba bila kutegemezwa hulivunja bomba pale lilipochomelewa, kwa maana nyufa nyingi huanzia hapo, au karibu na bolti zilifungazo bomba katika silinda.

Adui wa tatu ni kuliwa kwa chuma. Chuma cha kawaida kikichomwa na kupozwa kila siku hubambuka magamba, hata kikawa chembamba kama bati. Chuma kisichoshika kutu hustahimili zaidi, lakini nacho kina mwiko wake: fundi asikitie alama kwa kalamu ya risasi. Ile kaboni iliyomo katika kalamu huingia katika chuma kikishapata moto, ikakidhoofisha, na ufa ukafuata ule mstari uliochorwa.

Sasa tuangalie hasara. Bomba likipasuka chini ya kifuniko, moto hupiga nyaya na mipira ya petroli. Katika eropleni ambazo rafadha yake iko nyuma, kipande kilichovunjika hurushwa moja kwa moja katika rafadha na kuivunja. Lakini hatari ya kimya kupita zote ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Ndiyo ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu, na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Katika eropleni nyingi bomba la moshi huvikwa koti la bati, na hewa ipitayo kati ya koti na bomba hupelekwa kumpasha rubani joto. Bomba likiwa na ufa ndani ya koti, sumu humfikia rubani pamoja na joto. Kichwa humuuma, usingizi humjia, wala hajui sababu.

Hata eropleni za kiwandani hazikuokoka. Tarehe 21 Januari 2019, eropleni ndogo ilianguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza usiku, na mchezaji wa mpira Emiliano Sala akafa. Wachunguzi wa Uingereza walikuta kwamba asilimia 58 ya chembe za damu yake zibebazo oksijeni zilikuwa zimeshikwa na gesi hii, nao walieleza kuwa yumkini rubani naye alidhurika kwa moshi uliovuja kutoka katika ekzosi.

Dawa yake ni kuchungua. Kwa sheria ya Marekani, eropleni ya kujiundia lazima ichunguzwe kila miezi 12, na yule aliyeiunda huweza kupewa cheti cha kuichungua mwenyewe. Basi yeye ndiye fundi, na yeye ndiye hakimu. Na avue lile koti la bati, atazame kila mahali palipochomelewa, atafute michirizi ya kijivu au ya masizi meusi, ambayo ndiyo dalili ya kuvuja. Kisha mtambo ukiwa baridi, apulize hewa katika mkia wa bomba na kulipaka maji ya sabuni. Penye ufa patatoka mapovu, kama vile mwenye baiskeli anavyotafuta tundu la mpira wake katika beseni. Tena siku hizi kuna kidude kidogo cha umeme kinacholia kengele gesi ile ikiingia. Nacho kisikosekane mbele ya rubani.

Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo yamtosha aliye chini, kwa kuwa aweza kujenga tena. Aliye angani hana nafasi hiyo. Ufa wake na auzibe kabla hajaruka.