Mafuta Yatolewe Kwanza, Ndipo Meli Itengenezwe

Meli ya kuchukua mafuta huwa na mafuta ya namna mbili: yale ya shehena, na yale ya kuendeshea mitambo yake yenyewe. Watu huyaogopa yale ya kwanza, na haya ya pili huyasahau. Msiba wa Singapore wa tarehe 12 Oktoba, 1978, ulitokana na haya ya pili.

Siku hiyo meli ya Kigiriki iitwayo Spyros ilikuwa ikitengenezwa katika karakana ya meli ya Jurong. Mchana, ilipasuka kwa kishindo kikubwa, na watu 76 wakafa. Ilionekana baadaye kwamba cheche za moto wa kukatia chuma ziliwasha mvuke katika tangi la mafuta ya mitambo, ambayo yalikuwa yamechanganyika na mafuta ghafi.

Yafaa msomaji afahamu kwamba kinachowaka si mafuta yenyewe, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke ukiwa sehemu 1 mpaka 10 hivi katika kila sehemu 100, cheche moja yatosha. Ndiyo sababu tangi lililokwisha kumwagwa, ambalo mtu mgeni angelidhani halina neno, huweza kuwa la hatari kuliko lililojaa pomoni.

Basi kabla meli haijaingia gudini, tishali huletwa ubavuni mwake na mpira mnene huunganishwa. Matundu ya kutokea maji sitahani huzibwa kwanza, ili mafuta yakimwagika yasifike baharini. Mafuta mazito hukaribia kuwa kama lami yakipoa, kwa hiyo hupashwa moto kwa mabomba yaliyomo tangini hadi yakubali kuvutwa. Pampu huanza polepole, huku watu wakiangalia viungo vya mpira. Mafuta hupimwa melini na tishalini pia. Hesabu zisipolingana, kazi husimamishwa. Tena hayatolewi upande mmoja tu, meli isije ikalala ubavu. Yaliyo safi huweza kutumika tena. Yenye maji huachwa yatulie, maji yakazama chini.

Lakini pampu haimalizi yote. Chini hubaki mashapo mazito, na hayo yakiguswa na joto hutoa mvuke upya, hata kama asubuhi tangi lilionekana safi. Yapasa yaondolewe, kisha hewa safi isukumwe ndani kwa mashine. Hapo ndipo mjuzi hupima mvuke na oksijeni, ambayo katika hewa ya kawaida ni sehemu 21 hivi katika 100. Ikipungua mtu huweza kuzimia pasipo kusikia harufu yo yote. Matangi ya jirani nayo hupimwa, kwani joto hupita katika chuma. Ruhusa ya kutumia moto huandikwa kwa saa maalum, na kazi ikikatizwa, vipimo hurudiwa kabla moto haujawashwa tena.