Baada ya Kutundika Daluga: Kweli au Uongo?

"Tatizo la mwanamichezo aliyestaafu ni pesa tu."
Uongo. Ukosefu wa pesa unauma, lakini mtazame Henry Rono. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, mkimbiaji huyo wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia. Baadaye alionekana akibeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque, Marekani, na watu wakasikitikia umaskini wake. Wanachosahau ni kwamba pombe ilianza kumsumbua angali akikimbia: mwaka 1981, alipoivunja tena rekodi ya mita 5,000 kule Knarvik, Norway, tayari alikuwa mnywaji. Tabu haikungoja mfuko utoboke.

Tabu nyingine ni ya kujitambua. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Britton Brewer na wenzake walichapisha kipimo cha jinsi mtu anavyojiona kuwa mwanamichezo na si kitu kingine. Anayejiona hivyo kupita kiasi huwa na bidii ya ajabu mazoezini. Siku michezo ikikoma, akiulizwa "wewe ni nani?" hana jibu.

"Aliyeacha kwa hiari hapati tabu."
Nusu kweli. Anayeng'olewa na jeraha kwa kawaida huumia zaidi. Ila hata aliyejichagulia siku ya kuacha hupoteza wenzake. Pale Iten, Kenya, alfajiri, wakimbiaji hukusanyika barabarani, huondoka pamoja, na wakirudi ni chai na soga. Aliyestaafu hajafukuzwa na mtu, lakini nani atamgongea mlango saa kumi na mbili?

"Bingwa wa jana ndiye kocha wa kesho."
Uongo, na umewaharibu wachezaji wengi. Ukocha si njia pekee: Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, alianzisha shule, Kimara na Kibaha.

"Ukianza kuwaza maisha ya baadaye, kiwango kinashuka."
Uongo mtupu, nao makocha huupenda kuliko wote. Mtafiti David Lavallee alipowachunguza wachezaji wa ligi ya raga ya Australia, katika utafiti uliochapishwa 2019, aliona kuwa waliojiandaa kwa maisha baada ya mchezo walifanya vizuri zaidi uwanjani. Mkimbiaji wa Kenya Wesley Korir, mwenye shahada ya biolojia, alishinda marathoni ya Boston mwaka 2012. Machi 2013 alichaguliwa mbunge wa Cherangany. Aprili akarudi Boston, mheshimiwa mzima, akamaliza wa tano.