Onyo la manjano kwenye vCenter: musingoje nyekundu

Banduku, hapa Hewa Bora wananiuliza: mtu wa kilimo anatafuta nini kwenye seva? Jibu langu: ni ghala tu. Mwenye ghala la magunia 100 anaweza kuahidi watu 10 nafasi ya magunia 20 kila mmoja. Yote yanaenda muzuri, mpaka siku bote banaleta mavuno.

VMware inaweza kugawia mashine pepe diski vilevile. Ndiyo maana vCenter, kwa mpangilio wake wa mwanzo, inatoa onyo la manjano hifadhi ikifika 75%, jekundu ikifika 85%. Ikijaa kabisa, mashine zinazohitaji kuandika zaidi zinasimama.

Mbele ya kununua diski, muangalie snapshoti, zile picha za hali ya mashine. Zikisahauliwa zinanenepa, na hazichukui nafasi ya bakapu. Muzifute kupitia vCenter, si kufuta mafaili kwa mkono. Musichelewe: kuziunganisha nako kunaweza kuomba nafasi.

Tena, kufuta faili ndani ya mashine hakurudishi nafasi ghalani kila mara.

Na kupandisha kiwango ili onyo linyamaze? Ghala linabaki limejaa.